Gauni la Ulaya Lililoshonwa Shauri Moyo

Mama Konso alifariki mwezi uliopita, na mwili wake ukasafirishwa kwenda kuzikwa kwao Siaya. Mimi sikuweza safari hiyo kwa sababu ya magoti, kwa hiyo nilihudhuria tu maombi yaliyofanywa hapa Nairobi, jioni tatu mfululizo, katika ukumbi wa kanisa lake. Siku ya pili nilikaa karibu na mwanamke nisiyemjua, naye alikuwa akimsimulia mwenzake kwamba marehemu hakununua kitu cha nje maisha yake yote. Alilisema jambo hilo kama mtu anayesema kwamba marehemu hakunywa pombe. Waliosikia walicheka kwa upole, kama watu wanavyocheka matangani. Maneno yale yalikuwa kweli, au karibu kweli. Ndani ya ukumbi ule walikuwa wamebaki watu wawili tu waliojua kwamba mara moja katika maisha yake, kwa hiari yake, alikubali kazi ya mikono yake iitwe ya Ulaya. Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa Consolata, binti yake, yule Konso mwenyewe, aliyekuwa amesimama mlangoni akimimina chai, kichwa chote mvi. Nilikuwa na miaka ishirini jambo hilo lilipotokea, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Jinsi nilivyofika Nairobi na sababu zake si habari ya sura hii. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimepata kazi katika kiwanda cha mashati kule Baba Dogo, na msimamizi wangu, Mama Konso, alipojua kwamba sina pa kulala, alinipa nusu ya chumba chake Shauri Moyo.

Kilikuwa chumba kimoja katika safu ya nyumba za halmashauri, chenye dirisha lililotazama ua wa bomba. Kitanda chake kilikuwa upande mmoja, changu upande wa pili, na katikati pazia la maua ya buluu lililofuliwa mpaka maua yakafanana na madoa ya maji. Cherehani ya miguu ilikaa chini ya dirisha ipate mwanga. Mama Konso alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mpole wa sauti, na mtu wa maneno machache. Chakula chake kilikuwa omena, wale dagaa wa ziwani, iliyokaangwa kwa nyanya nyingi, mboga ya sukuma iliyokatwa nyembamba kama uzi, na ugali ambao hakuruhusu mtu mwingine kuusonga. Tulikula tukitazama ua, tukisikiliza wanawake kwenye foleni ya bomba. Karibu kila kitu nilichojua kuhusu mtaa ule mwaka ule nilikisikia kupitia dirisha hilo: nani amefutwa kazi, nani ameletewa saa kutoka nje, nani amemwona nani sokoni Gikomba akichambua nguo za marobota zilizopenya mpakani. Vitu vya nje vilikuwa adimu siku zile, na kwa sababu vilikuwa adimu, vilizungumzwa kama watu. Fulani ana redio ya Ujapani. Fulani amefunga ndoa na viatu vya Italia.

Mama Konso hakuingia katika mazungumzo hayo. Dukani kwa Njoroge, kwenye kona ya mtaa wetu, alikuwa akichukua kitu, anakigeuza, anakisoma chini na pembeni kabla ya kusema anakitaka. Nakumbuka siku moja alishika mche wa sabuni.

"Hii imetengenezwa wapi?"

"Mama Konso, sabuni ni sabuni," Njoroge alisema. "Hii ingine ni nzuri zaidi, imetoka nje. Hata povu yake ni tofauti."

"Nimekuuliza hii."

"Hiyo ni ya hapa. Industrial Area."

"Basi hii." Tulipotoka nje aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba mwanamke aliyeikata sabuni ile anaitwa Felista na wanaimba naye kwaya. "Nikinunua hii, Felista ataenda kazi Jumatatu. Hiyo ingine sijui inalisha nani." Hakuwahi kunihubiria zaidi ya hapo. Tena sitaki kumfanya malaika. Vitu vingi vya hapa siku zile vilikuwa vibaya, na alilijua hilo. Tulikuwa na kiberiti ambacho njiti zake zilivunjika tatu kabla ya moja kuwaka, na chupa ya chai iliyotengenezwa nchini ambayo baada ya saa moja ilitoa chai ya uvuguvugu. Aliinywa chai hiyo polepole, akipuliza kana kwamba inaunguza. Mimi niliinywa pia, na nikajifunza kunyamaza.

Kiwandani kazi yangu ilikuwa kwenye meza ya lebo. Shati lilipomaliza kushonwa na kupigwa pasi, lilifika kwangu nilishonee lebo chini ya kola. Nilikuwa na makopo mawili. Kopo la kwanza lilikuwa na lebo za buluu zenye jina la kiwanda, na mashati yake yalikwenda kwenye maduka ya mitaani. Kopo la pili lilikuwa na lebo nyeusi zilizoandikwa kwa uzi wa dhahabu neno moja, London, na mashati yake yalikwenda kwenye maduka makubwa ya mjini. Shati lilikuwa lilelile. Kitambaa kilitoka robota moja, vifungo kutoka mfuko mmoja, na mikono iliyolishona ilikuwa ya wanawake walewale wa Shauri Moyo, Kariobangi na Baba Dogo. Mara kwa mara mkurugenzi alitukusanya uani akatuambia kwamba taifa linajengwa na wanaonunua vitu vya nyumbani. Tulipiga makofi, kisha tukarudi ndani na mimi nikafungua kopo la pili. Wiki yangu ya kwanza nilimuuliza Mama Konso kuhusu jambo hilo. Alikuwa akikagua mashati kwenye meza yake, akivuta kila mshono kwa vidole viwili.

"Shati halijui limeandikwa nini," alisema. Aliweka lile shati kando, akachukua lingine. "Shida ni kwamba mimi najua."

Consolata hakuishi nasi. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mpiga chapa katika ofisi moja mjini, na alipanga Ngara pamoja na wasichana wengine wa maofisi. Alikuja kila Jumamosi na mkate na gazeti. Alikuwa mzuri, mcheshi, na alimpenda mama yake kwa namna ya mtu ambaye tayari amekwisha kuhama. Mwezi wa Februari mwaka huo alikuja na habari kwamba yeye na Bernard wamepanga arusi baada ya Pasaka. Bernard alikuwa karani wa benki, kijana mtaratibu. Mama yake alikuwa na nyumba Buru Buru yenye ngazi za ndani, na Shauri Moyo nzima ilijua habari za ngazi hizo. Mazungumzo ya gauni niliyasikia nikiwa nimelala upande wangu wa pazia, mchana wa Jumamosi, nikijifanya nina usingizi.

"Mama, usinielewe vibaya."

"Nakuelewa."

"Mama ya Bernard amesema kuna duka huko mjini wanakodisha magauni za Ulaya. Amesema hiyo ni zawadi yake."

"Kwani mimi sipo?"

"Upo, Mama. Lakini wewe unashona yunifomu, blauzi… gauni ya arusi si blauzi."

Cherehani ilikuwa ikienda, ikasimama.

"Watu watakuwa wananiangalia," Consolata aliendelea. "Watauliza nani ameshona."

"Na utawaambia nani?"

Nilisikia tu kiti kikisogezwa, kisha mama yake akimuuliza kama anataka chai nyingine. Hakukuwa na kelele wala machozi. Nimewahi kusikia magomvi makubwa katika maisha yangu, mengine yangu mwenyewe, na machache yamenikaa akilini kama ukimya ule uliofuata lile swali.

Wiki mbili baadaye, Jumapili baada ya misa, Mama Konso aliniambia nisimame mlangoni penye mwanga. Akaanza kunipima mabega kwa utepe wake.

"Wewe na Konso mko na mabega mamoja," alisema. "Yeye kiuno ni chembamba kidogo. Nitatoa hapa."

"Ni nguo ya nani, Mama?"

"Ya Mzungu," alisema, na hapo ndipo nilipomwona akitabasamu kwa mara ya kwanza mwaka huo.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Rafiki yake Tabitha alifanya kazi ya nyumbani kwa familia ya Wazungu waliokuwa wakifunga mizigo warudi kwao. Wazungu wanaoondoka huuza kila kitu, hilo lilijulikana. Tabitha atasema kwamba mwajiri wake anauza gauni la arusi la dada yake, limevaliwa mara moja tu, na Mama Konso amelichukua kwa ajili ya binti yake. Bernard na mama yake wataridhika, Consolata atafurahi, na gauni litakuwa limeshonwa na mtu aliyetaka kulishona. Nilimuuliza kwa nini asimwambie tu binti yake ukweli likiisha, likiwa zuri. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Akijua ni mimi, ataangalia makosa," alisema. "Akijua ni la Ulaya, ataangalia gauni."

Tulikwenda Biashara Street kununua kitambaa. Mwenye duka alikunjua kitambaa cheupe cha kung'aa kutoka ng'ambo, kisha pembeni yake kile kilichofumwa nchini, akasema kwa uaminifu kabisa kwamba cha ng'ambo kinaanguka vizuri na cha hapa ni kigumu kidogo. Mama Konso alichukua cha hapa. "Nitakifanya kianguke," alisema. Alikikata kwa mshazari, akakitia bitana nyembamba ndani, na kwa muda wa wiki tano, jioni tulizotoka mapema na Jumapili zote, nilimwona akikibembeleza kitambaa kile mpaka kikatii. Lesi ya shingo na ya mikono aliifuma mwenyewe kwa kroshia, maua madogo yasiyozidi ukucha. Mimi ndiye niliyelivaa kila mara alipotaka kuona. Nilisimama juu ya stuli katikati ya chumba, pazia limefungwa dirishani, naye akizunguka akitambaa kwa magoti na pini mdomoni. Sikuwa na mchumba wala mawazo ya arusi. Hata hivyo nakiri kwamba nilijitazama kwenye kioo chetu kidogo kipande kwa kipande, shingo kwanza, kisha kiuno, kisha pindo, na nikaona ni jambo la ajabu kwamba kitu kama kile kinaweza kutoka katika chumba kinachonuka omena.

Siku moja, gauni likiwa limebaki pindo tu, alisema huku akitazama nje: "Gauni ya Mzungu haiwezi kukosa lebo." Hakusema zaidi, nami nikaelewa. Siku iliyofuata nilichukua lebo moja katika kopo la pili nikaitia ndani ya soksi. Langoni kulikuwa na askari wa kike aliyetupapasa kila jioni, na kama angenipata na kitu chochote cha kiwanda, ningefukuzwa hapo hapo. Alinipapasa, akaniuliza habari za mafua yangu, akanipitisha. Nilipofika nyumbani nilimpa Mama Konso ile lebo, naye akanirudishia pamoja na sindano. "Shona wewe," alisema. "Hiyo mkono wangu hautaki." Kwa hiyo ni mimi niliyeishona, mishono minne kila upande, kama nilivyoshona maelfu mengine. Nilitaka ikae sawa na nikafanya kwa uangalifu. Wakati ule niliona fahari kuaminiwa kiasi hicho.

Tabitha alileta gauni Jumamosi likiwa kwenye karatasi laini, akaeleza hadithi yake vizuri kuliko tulivyomfundisha, akiongeza hata machozi ya yule Mzungu alipoliaga. Consolata alilivaa, likamkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Kisha alilivua na kuligeuza ndani nje, kama alivyofundishwa tangu utotoni, akakagua mishono yote.

"Mama, hebu ona. Hata ndani ni safi. Hawa watu wanajua kazi. Fundi wa hapa angeacha nyuzi zinaning'inia."

"Wamejaribu," mama yake alisema.

Akachukua ndoo akaenda kuteka maji. Pipa lilikuwa limejaa. Nimejiuliza mara nyingi inawezekanaje binti wa fundi asiutambue mkono wa mama yake. Nadhani jibu ni kwamba aliambiwa ni la mtu mwingine, na sisi huona kile tulichoambiwa kipo. Arusi ilifanyika, ikawa nzuri. Mama yake Bernard alipita meza kwa meza akieleza gauni lilikotoka, na kila alipoeleza lilizidi kuwa la mbali. Mama Konso alikula sahani mbili za pilau, akacheza wimbo mmoja na kwaya, na siku nzima macho yake yalikuwa kwenye pindo, kuona kama linaburura.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini gauni lile lilizungumzwa. Mwezi wa Julai alikuja Mama Wairimu, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa aliyeuza viazi Gikomba kwa magunia, na mkononi alikuwa na picha ya arusi. Binti yake alikuwa anaolewa. Alitaka gauni kama lile la Consolata, na kwa kuwa la Ulaya halipatikani, Mama Konso amshonee linalofanana. Mama Konso alikubali. Vipande vya magazeti alivyokatia la kwanza bado vilikuwa chini ya godoro. Alilishona la pili kutoka kitambaa kilekile, kwa mshazari uleule, kwa maua yaleyale ya kroshia, na likatoka sawa kabisa. Mimi nililivaa juu ya stuli ileile na sikuweza kuyatofautisha.

Siku ya kulichukua ilikuwa Jumamosi, na Mama Wairimu alikuwa amemwomba Consolata alete lake ili waweze kulinganisha. Magauni mawili yalitandazwa kitandani. Chai ilikuwa motoni. Mama Wairimu aliyapapasa yote mawili, la Consolata kwanza, kisha lake, kisha akarudi kwa la Consolata na kulifungua shingo asome lebo.

"Imekaribia, Mama Konso," alisema. "Kweli sikudharau. Lakini si umeona? Hii inaanguka kama maji. Hii ingine… sijui. Ulaya ni Ulaya, majuu ni majuu."

Mama Konso aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekubali bei. "Ni kweli."

"Si mbaya, Mama," Consolata alisema kwa huruma, na nadhani ile huruma ndiyo iliyoniharibu. Aligusa mkono wa gauni jipya. "Ni hapa tu kwa bega ndiyo mtu anaweza kujua ni ya mtaani."

"Yote ni ya mtaani!" nilisema. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko na kijiko mkononi. "Yote mawili ameshona yeye, hapa, kwa hii cherehani! Hakuna Mzungu. Hiyo lebo nimeishona mimi, nimeitoa kiwandani kwa soksi!"

Maziwa yalichemka yakamwagika, na Mama Konso akaenda akayaondoa motoni. Mama Wairimu alitazama gauni moja, akatazama la pili, akakaa chini kwenye stuli. "Kwa hivyo," aliuliza hatimaye, "mimi nichukue gani?" Angeuliza siku nyingine tungecheka. Consolata alikuwa tayari anakunja gauni lake. Alilikunja polepole sana, mikono kwanza, akalifunga katika karatasi yake, akachukua mkoba, na akatoka bila kumuaga mtu yeyote, hata mama yake.

Mama Wairimu alipoondoka na gauni lake, Mama Konso aliketi kitandani pale magauni yalipokuwa yametandazwa.

"Nasimiyu. Nilikutuma useme?"

"Hapana. Lakini Mama, walikuwa wanakudharau."

"Mimi niliwasikia. Sikulia." Alinyoosha shuka kwa kiganja. "Hiyo siri haikuwa yako. Mimi nilimpa mtoto wangu siku moja ya kutembea kichwa juu mbele ya wale watu. Wewe umemnyang'anya, ndio wewe uonekane mkweli."

"Nilitaka wajue kazi yako."

"Kazi yangu mimi naijua." Kisha, kwa sauti ileile ya kawaida: "Tafuta chumba. Mwisho wa mwezi."

Alinipikia kila jioni mpaka mwisho wa mwezi ulipofika, na siku ya kuhama alinifungia omena katika karatasi. Nilipata chumba Baba Dogo, karibu na kiwanda, na chumba hicho kilikuwa mwanzo wa maisha yangu mengine yote. Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii, pale nilipoisimulia, kama hadithi ya msichana aliyetetea kazi ya mikono ya nyumbani dhidi ya watu waliopumbazwa na jina la London. Ninapoiandika sasa naona kwamba katika chumba kile watu wawili walikuwa wameaibishwa na mmoja, yaani mimi, alikuwa amefurahi. Ilichukua kitambo kabla sijaweza kuliandika neno hilo, amefurahi. Watu hawanunui vitu tu. Mama Wairimu alitaka binti yake aheshimiwe, Consolata alitaka asiulizwe maswali Buru Buru, na Mama Konso, aliyeuliza kila sabuni ilikotoka, alikuwa tayari jina lake lifutwe mara moja kwa ajili ya mtu mmoja. Siku hizi mjukuu wangu huagiza nguo kwa simu kutoka China, huja katika mfuko wa plastiki, na mimi huigeuza ndani nje na kuvuta mshono. Kuna mwanamke aliyeushona. Wakati mwingine ameushona vizuri sana.

Lakini mwaka ule ulikuwa bado haujaisha. Mama Konso alikuwa bado msimamizi wangu. Angeweza kunishtaki kwa ile lebo, kwa kuwa nilikiri mwenyewe mbele ya mashahidi. Badala yake alimwambia mkuu wa zamu kwamba nina mkono mzuri, na nikahamishwa kutoka meza ya lebo kwenda kwenye safu ya kola. Kola ni kazi ngumu. Ncha zikitofautiana kwa unywele, shati zima linaonekana limelewa. Wenzangu walirudishiwa kazi yao kila siku kutoka meza ya Mama Konso, mara tatu, mara nne, nao walinung'unika. Mimi sikurudishiwa hata moja. Mwanzoni nilidhani nina kipaji. Kisha siku moja nikashona kola niliyoijua wazi ni mbovu, nikaipeleka, nikarudi kwenye kiti changu nikisubiri. Aliipokea, akaitazama, akaiweka kando. Wakati wa chakula nilimwona kupitia dirisha amekaa peke yake kwenye meza yake, anaifumua kola ile kwa mkono wake na kuishona upya. Hakutazama upande wangu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Agosti, Septemba, Oktoba. Tulisalimiana asubuhi kwa adabu zote. Kazi yangu ilipita, na hakunifundisha kitu.

Kilichokuwa kikiendelea upande wa Consolata sikukijua mpaka mwezi uliopita, pale ukumbini, watu walipokwisha kuondoka na yeye akaja kuketi karibu nami na vikombe viwili. Aliniambia kwamba hakwenda kwa mama yake miezi minne. Habari za gauni zilitoka kwa Mama Wairimu zikaenea Gikomba yote, zikapanda mpaka Buru Buru, na Jumapili moja mezani, mbele ya wageni, mama mkwe wake alimuuliza kama ni kweli gauni lile lilishonwa Shauri Moyo.

"Nikasema ndiyo," Consolata alisema. "Nikasema, mama yangu ndiye aliyelishona. Nilisema kwa hasira tu, Nasimiyu, usifikirie ni mapenzi. Nilitaka anyamaze. Lakini nikishasema, nikasikia vile inasikika."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza kama Mama anaweza kushona mapazia pia." Alicheka kidogo, akafuta macho kwa ncha ya leso. "Jumamosi iliyofuata nikaenda. Mama hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinipa omena, kisha akachukua utepe akanipima tumbo. Nilikuwa wa miezi mitano, na nilikuwa sijamwambia."

Nilimuuliza ilikuwa mwezi gani. Alifikiri, akasema ilikuwa Novemba, mvua zikinyesha. Nikamwambia kwamba alinichukia kwa haki. Alisema ndiyo, alinichukia mpaka mtoto wa pili, kisha kazi zikawa nyingi. Tukanywa chai yetu.

Novemba hiyo naikumbuka. Ilikuwa Jumatatu, paa la mabati likipigwa na mvua mpaka hatukusikia mashine zetu wenyewe. Nilikuwa nimepeleka rundo langu la asubuhi na kurudi kwenye kiti, na sikuwa nikitazama. Nilishtuka kuona kivuli juu ya meza yangu. Mama Konso alikuwa amesimama pale na shati moja mkononi, ameshika kola kwa vidole viwili, na alikuwa ameinama ili nimsikie juu ya kelele za mvua.

"Nasimiyu," alisema. "Hii imepinda. Fumua."

Akaliweka mbele yangu akaenda zake. Jirani yangu wa mashine alinipa pole, bila kujua kwamba nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu Agosti. Niliishika kola ile, nikachukua wembe, na nikaifumua yote, hata upande uliokuwa umenyooka.